Gari Linapokonyeza: Kusaka Ubovu wa Taa za Kuibuka

Giza linaanza kuingia, unawasha taa za kuibuka, zile zinazolala zimefichwa mbele ya bonneti na kusimama ukiziwasha, na jicho moja linafunguka. La pili limegoma. Aliyesimama nje anacheka, maana gari linakonyeza kweli. Wewe uliye ndani, na safari bado ndefu, huoni cha kuchekesha. Basi unashuka, unaingiza vidole chini ya ukingo wa kifuniko na kukivuta kwa nguvu. Kitu kinalia "ka!" na tangu dakika hiyo ubovu uliokuwa wa waya umegeuka ubovu wa gia.

Naanza na kosa hilo kwa sababu anayejua kwa nini kifuniko hakivutwi ameshaielewa nusu ya mashine yenyewe. Kosa la pili kwa ukubwa ni kununua mota mpya kabla ya kupima chochote. Mota hulaumiwa kuliko kitu kingine chochote kwenye taa hizi, na mara nyingi haina hatia.

Kilichomo chini ya kifuniko

Katika magari mengi ya michezo ya miaka ya 1980 na 1990, kila taa ina mota yake ndogo ya umeme. Mota ya namna hiyo huzunguka kasi sana lakini haina nguvu ya kuinua kitu kizito. Kwa hiyo shafti yake imechongwa kama parafujo, na parafujo hiyo inazungusha gurudumu lenye meno: kasi inapungua, nguvu inaongezeka. Kwenye gurudumu umefungwa mkono mfupi wa krenki, na kutoka kwenye mkono huo inatoka fimbo yenye viungo vya gololi kwenye ncha zake. Fimbo ndiyo inayosukuma kikapu kilichobeba taa, nacho kinazunguka kwenye bawaba zake mpaka jicho lisimame.

Gia ya parafujo ina tabia yake. Parafujo huzungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuzungusha parafujo. Ndiyo maana upepo wa mwendo kasi hauzilazi taa zikiwa zimesimama. Ndiyo maana pia ukivuta kifuniko kwa mkono hakuna kinacholegea. Nguvu yako yote inakwenda kuishia kwenye kiungo cha gololi, kikachomoka, au kwenye meno machache ya gurudumu, ambalo aghalabu ni la nailoni.

Waliounda magari haya walijua siku moja umeme utagoma, wakaacha mlango wa dharura. Kwenye mota nyingi kuna kitasa kidogo kilichofunikwa kofia ya mpira, unakiona ukifungua bonneti. Ukikizungusha kufuata mshale, unaizungusha parafujo yenyewe, na taa inapanda polepole. Kabla ya kukigusa, chomoa fyuzi ya mota za taa au chomoa plagi ya mota husika. Usiruke hatua hii. Mota iliyokufa kwa sababu ya kigusio kichafu inaweza kufufuka ghafla ukishaisogeza milimita mbili, na vidole vyako viko katikati ya fimbo na bodi.

Kitasa hicho ni cha kujiokolea usiku, lakini pia ni kipimo cha kwanza cha fundi, maana mkono unasikia mengi. Kikizunguka laini na taa ikapanda bila kukwama, mifupa ya mfumo ni mizima na tatizo liko kwenye umeme. Kikiwa kigumu, kuna kutu, grisi iliyoganda au kitu kilichopinda. Na kikizunguka kwa wepesi wa kushangaza huku taa imetulia kama haihusiki, ama meno yameisha ama fimbo imechomoka. Dakika tano za kuzungusha kitasa zimeokoa mota nyingi zilizokuwa zinaelekea kutupwa.

Jicho moja au yote mawili?

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya kushika spana, na jibu lake linakata kazi katikati. Taa mbili zinashirikiana vitu vichache tu: fyuzi, au kikata-umeme kinachojirudisha chenyewe, swichi ya dereva, na kwenye magari mengi rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme. Baada ya hapo njia zinaachana, kila upande una nyaya zake, plagi yake, eathi yake (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), mota yake na fimbo yake. Yakigoma macho yote mawili kwa wakati mmoja, haiingii akilini kwamba mota mbili zimekufa usiku ule ule. Anza na vile zinavyoshirikiana. Likigoma moja, fyuzi iache, nenda moja kwa moja upande uliogoma.

Lipo gari linalovunja kanuni hii, nalo ni Porsche 944: mota ni moja tu, na fimbo zinavuka mbele ya gari kupeleka nguvu pande zote. Huko jicho moja likigoma na la pili likapanda, huhitaji hata kuangalia umeme. Mota imefanya kazi yake. Kilichoachia ni kiungo.

Baada ya jicho, sikio. Mwombe mtu awashe taa wewe ukiwa umeinama karibu na upande mgonjwa, injini ikiwa imezimwa. Kimya kabisa maana yake umeme haufiki, au unafika na mota haiwezi kuanza. "Tik" moja ndogo kutoka kwenye rilei bila kitu kingine inakuambia kwamba amri ya swichi imefika. Kilichoshindikana ni hatua inayofuata. Mlio wa mota unaoendelea bila taa kusogea ni meno. Chevrolet Corvette za miaka ya 1997 hadi 2004 zinajulikana kwa hilo: gurudumu la nailoni ndani ya mota linaliwa, mota inalia sekunde kadhaa, taa haiendi popote. Wenye magari hayo wengi huliondoa na kuweka la shaba ya njano, na mota ile ile inaendelea na maisha.

Halafu kuna mota inayoamka ukiigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Wengi wakiona hivyo hufurahi, wakafunga bonneti. Kugonga huko hakujaponya kitu. Kumetikisa brashi za kaboni zilizokwisha au kigusio kilichojaa uchafu, vikagusana kwa bahati. Itagoma tena, na itachagua usiku wa mvua.

Nusu mzunguko

Sehemu inayowachanganya hata mafundi wazuri wa umeme wa magari ni hii: mota inajuaje pa kusimama?

Kwenye Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyotoka mwaka 1989 hadi 1997, mota haigeuzi mwelekeo. Inazunguka upande mmoja tu maisha yake yote. Nusu ya kwanza ya mzunguko wa mkono wa krenki inainua taa, nusu ya pili inailaza. Magari mengine, hasa ya kampuni za Marekani, yanageuza mwelekeo wa umeme ili mota irudi ilikotoka. Ni vyema ujue lako ni la aina gani kabla ya kuunganisha waya wowote moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu kwenye aina ya kwanza hakuna kitu kinachoitwa "kurudisha nyuma".

Ndani ya mota ya nusu mzunguko kuna sahani yenye njia za shaba, na juu yake vinateleza vigusio vidogo kama ulimi. Njia moja inapokea umeme wa amri ya kupanda, nyingine ya amri ya kushuka. Taa ikiwa chini, njia ya kupanda imeunganishwa. Unawasha, mota inazunguka, na ikifika juu kigusio kinaingia kwenye pengo lisilo na shaba. Umeme unakatika wenyewe na taa inasimama. Sasa iliyounganishwa ni njia ya kushuka, inasubiri amri yake.

Ukishaiona picha hiyo kichwani, ubovu uliokuwa kama uchawi unaeleweka. Taa inayopanda na kushuka bila kukoma, kama mtu anayepepesa macho, haijapagawa. Njia zote mbili zinapokea umeme kwa pamoja: inafika juu, inakuta amri ya kushuka iko hai, inashuka, inakuta amri ya kupanda iko hai. Hapo mshukiwa ni rilei iliyoganda upande mmoja au swichi inayovujisha umeme, wala si mota, ambayo inatii kila inachoambiwa. Taa inayosimama nusu njia kila mara mahali pale pale ina doa kwenye sahani: shaba imelika au grisi ya zamani imechanganyika na vumbi la kaboni. Taa inayopanda vizuri lakini haishuki, huku mwenzake inashuka, ina tatizo kwenye njia ya pili au waya wake tu.

Mota nyingi hufunguka. Parafujo chache, kifuniko, na sahani hiyo hapo. Isafishe kwa dawa ya kusafishia vigusio vya umeme na kitambaa kisichoacha nyuzi. Msasa mgumu unakula shaba ambayo tayari ni nyembamba. Inua ndimi za vigusio kwa uangalifu ili zibane tena. Kabla ya kufungua, weka alama ya rangi kwenye mkono wa krenki na kwenye shafti yake. Ukiufunga mkono umegeuka, mota itasimama panapostahili na taa itasimama pasipostahili, nawe utaanza kutafuta ubovu ambao umeutengeneza mwenyewe.

Jambo moja la kukuepusha na kazi ya bure. Kwenye baadhi ya magari ya Japani, ukirudisha swichi kutoka taa kubwa hadi taa ndogo, macho hubaki yamesimama kwa makusudi. Yanalala ukizima kabisa. Mengine yana kitufe cha pekee cha kuinua taa bila kuziwasha. Wapo waliobadilisha rilei kwa sababu hawakusoma kitabu cha gari.

Umeme unaoonekana upo kumbe haupo

Sasa tuseme kitasa kimezunguka laini, mota haina mlio, na fyuzi ni nzima. Unachomoa plagi ya mota, unaweka multimita, inasoma volti 12.6. Hitimisho la haraka: umeme upo, mota imekufa. Hapa ndipo pesa nyingi zimepotea, zangu zikiwemo.

Multimita haivuti karibu chochote. Waya uliokatika nyuzi zote ukabaki na mmoja bado utaionyesha volti 12.6 kamili, kama bomba lililoziba linavyoweza kuonyesha presha nzuri mpaka ufungue koki. Unachotaka ni kitu kinachokunywa. Chukua balbu ya breki ya wati 21, iunganishe nyaya mbili, na uigusishe kwenye plagi badala ya multimita. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 1.75. Ikiwaka nyeupe na kali, njia ina uzima. Ikiwaka njano hafifu, volti unazoziona ni za maonyesho.

Hesabu yake ni nyepesi. Mota inayoinua taa ikivuta ampea 8 kupitia kiungo chenye ukinzani wa nusu omu, volti 4 zinaliwa pale kwenye kiungo, zinageuka joto. Kati ya volti 12 na ushei za betri, mota inabakiwa na 8. Inatetemeka, inapanda kwa kujikokota, au inakaa kimya. Nusu omu ni kutu kidogo tu ya kijani ndani ya plagi, kitu usichokiona mpaka uivute na kuielekeza kwenye mwanga.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kile cha upotevu wa volti. Weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa eathi pale pale unapoingia kwenye mota, plagi ikiwa imechomekwa. Sasa mtu awashe taa. Mota ikijaribu kuzunguka, multimita haipaswi kuonyesha zaidi ya volti 0.2 hivi. Ikionyesha nusu volti, kuna kiungo cha kusafisha. Ikionyesha volti 3, umemkamata mwizi. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya: kutoka chanya ya betri hadi tamino ya mota inayopokea umeme. Safari ya taa inachukua muda mfupi mno, kwa hiyo multimita inayohifadhi kipimo cha juu inasaidia sana. Kama huna, rudia mara tatu nne na usipepese macho.

Gari langu lilikuwa limepakwa rangi upya kabla sijalinunua, kazi nzuri kwa macho. Jicho la kushoto lilikuwa linapanda asubuhi na kugoma jioni. Nikapima kwa multimita, volti zipo, nikanunua mota iliyotumika. Nikaifunga, ikapanda mara mbili, ikagoma. Nilikaa chini mbele ya bampa nikiwa na mota mbili mapajani. Zote nilipozipa umeme wa betri moja kwa moja zilizunguka kama mpya. Ndipo nikaufuata waya mweusi kwa kidole mpaka mwisho wake: pete ya eathi ilikuwa imekazwa kwa boliti juu ya rangi mpya. Chuma hakikugusa chuma. Umeme ulikuwa unapita kwenye hesi za boliti tu, na boliti ilikuwa imeanza kutu. Nilikwangua duara dogo la ukubwa wa sarafu mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi kidogo juu yake. Ile mota ya pili ninayo bado, imekaa kwenye kabati.

Kwa hiyo gari lolote lililowahi kupakwa rangi, kugongwa au kubadilishwa bampa, anza na eathi za mbele. Halafu plagi. Halafu ndipo ufikirie rilei, ambayo kuipima ni rahisi kuliko yote: kama kuna nyingine ya aina ile ile kwenye boksi la fyuzi, zibadilishane nafasi uone kama ubovu unahama. Kwa rangi za nyaya usitegemee kumbukumbu ya mtu. Tafuta mchoro wa umeme wa mwaka wa gari lako, kwa maana modeli ile ile iliweza kubadilishiwa nyaya katikati ya maisha yake.

Taa zilizopanda lakini haziwaki ni habari nyingine kabisa. Umeme wa kuinua na umeme wa kuangaza hupita njia tofauti. Angalia balbu, fyuzi yake, na nyaya zinazopinda kila taa inapopanda. Baada ya miaka 30 ya kupinda mahali pale pale, waya hukatika ndani ya mpira wake bila kuonekana kwa nje. Uvute taratibu. Ukinyooka kama mpira wa nguo, ndani umekatika.

Mifupa

Hapa sina mengi, kwa sababu kinachotakiwa ni jasho. Bawaba za kikapu cha taa zinakaa mahali pabaya kuliko pote kwenye gari: matope, maji, chumvi, vumbi la breki la gari lililo mbele yako. Grisi ya kiwandani ikishakauka inakuwa gundi. Mota inalazimika kuvuta umeme zaidi, inapata joto, na kama gari lina kikata-umeme kinachojirudisha chenyewe utaona kioja cha taa zinazogoma, kisha baada ya dakika chache zinafanya kazi kama kwamba hakuna kilichotokea. Kimepoa tu.

Chomoa fimbo kwenye kiungo chake, halafu pandisha na kushusha kikapu kwa mkono. Sasa ruksa, maana hakuna gia inayokupinga. Kinapaswa kwenda kwa kidole kimoja. Kisipokwenda, ondoa pini za bawaba, safisha, angalia bushi, paka grisi mpya isiyoogopa maji. Kunyunyizia mafuta mepesi ya kopo bila kufungua ni kujidanganya kwa wiki mbili. Katika nchi za baridi kali kuna la ziada: barafu hugandisha kifuniko na bodi, na anayewasha taa bila kuikwangua kwanza anaiomba mota ing'oe barafu kwa meno ya nailoni.

Corvette za kizazi cha nne, yaani 1984 hadi 1996, zina udhaifu wao wa mifupa ndani ya mota: bushi ndogo za plastiki husagika zikawa unga, na dalili yake ni mota inayoendelea kunguruma wakati taa imeshafika mwisho. Hapo hubadilishi mota, unabadilisha bushi.

Zinazoinuliwa na pumzi

Si taa zote za namna hii zina mota. Wazo lenyewe ni la zamani: Cord 810 ya mwaka 1936 ilikuwa na krenki za mkono kwenye dashibodi, dereva anazizungusha mwenyewe. Opel GT ya mwaka 1968 ilikuwa na wenzo karibu na dereva, unausukuma na macho yote mawili yanajigeuza upande mmoja. Kwenye gari kama hilo kutafuta ubovu ni kufuata kebo na viungo vyake, basi. Napenda sana uungwana wa mfumo usio na fyuzi.

Wanaoumiza kichwa ni wenye magari ya ombwe, au vakyumu kama mafundi wanavyosema. Lotus Elan ya mwaka 1962 na Chevrolet Corvette za 1968 hadi 1982 zilitumia mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Mvuto huo unafika kwenye vikopo vyenye kiwambo cha mpira ndani. Kiwambo kinavutwa, fimbo inavutwa, taa inatembea. Tatizo ni kwamba injini hainyonyi sawasawa wakati wote. Ikiwa inanguruma bila mzigo, mvuto ni mkubwa. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, mvuto karibu uishe. Kwa hiyo kuna tangi la akiba, na kwenye Elan akiba hiyo ilihifadhiwa ndani ya chasisi yenyewe, pamoja na vali ya njia moja inayozuia akiba isirudi kwenye injini.

Kwenye Elan za mwanzo ombwe ndilo lililoinua taa. Likivuja, taa zinaanza kusinzia pale pale unapokanyaga mafuta kupanda mlima usiku, yaani wakati unaozihitaji kuliko wote. Baadaye mfumo uligeuzwa: springi zikawa ndizo zinazoinua na ombwe likawa linazishikilia chini, ili ubovu wowote uache macho wazi.

Taa za ombwe zikipanda polepole, au moja ikachelewa mno nyuma ya nyingine, au zikashindwa kukaa, tafuta uvujaji, na uutafute kwa kugawanya. Puliza vali ya njia moja kwa mdomo: ipitishe upande mmoja tu. Kisha bana mpira mmoja baada ya mwingine kwa koleo lisilokata, injini ikiwa inanguruma, mpaka tabia ibadilike. Uliobana sasa hivi ndio unaoelekea kwenye tundu. Pampu ndogo ya mkono ya ombwe inafanya kazi hii kuwa safi zaidi: unaiunganisha kwenye kikopo kimoja, unavuta, unaangalia sindano. Ikishuka mbele ya macho yako, kiwambo kimepasuka. Na mipira iliyofikisha nusu karne usiijaribu mmoja mmoja. Badilisha yote, ukifunga alama kila mmoja kabla ya kuuchomoa, maana ipo mingi na inafanana.

Kufunga kazi

Jicho likishapanda, bado halijapona. Urefu wa fimbo unarekebishwa kwa kuzungusha ncha zake zenye hesi, na zamu moja tu inaonekana kwenye kifuniko. Laza taa, pitisha kidole kutoka bonneti hadi kwenye kifuniko. Kidole kisihisi ukingo wa kupanda wala wa kushuka. Kisha iinue uangalie kwamba kikapu kimekaa kwenye kizuizi chake cha mpira bila kutetemeka. Taa inayotetemeka barabarani ina fimbo fupi mno au kizuizi kilicholiwa, nayo itawasumbua wanaokuja mbele kama tochi ya mtu mlevi.

Simamisha gari mbele ya ukuta, mahali tambarare, uelekeze miale upya kwa parafujo zake za kurekebishia kama kitabu cha gari kinavyosema. Kila ulipogusa fimbo au bawaba, miale imehama, hata kama macho hayajaona. Mwisho, washa na kuzima mara kumi injini ikiwa imewashwa, betri ikipokea volti 14 hivi, halafu mara kumi imezimwa. Zikipanda vizuri kwa injini tu na kujikokota bila injini, rudi kwenye kile kipimo cha upotevu wa volti, au uitazame betri.

Usitegemee macho mawili yenye mota mbili yafunguke kwa sekunde ile ile. Mota hazikuzeeka pamoja, moja ilipata matope zaidi, nyingine iliwahi kufunguliwa. Tofauti ya kupepesa jicho ni ya kawaida. La kushoto la gari langu bado linachelewa kidogo nyuma ya la kulia, na nimeliacha hivyo.